Koo Lilipona, Mikono Ikaanza Kucheza

Mtoto akichemka mwili usiku pale Sanje, asubuhi yake njia inajulikana. Mama anambeba mgongoni au wanapakizana kwenye bodaboda hadi zahanati, kidole kinachomwa, tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, watu wanasubiri mistari. Ikitokea miwili, ni malaria na dawa ipo. Ukitokea mmoja, mama anaambiwa si malaria, anapewa panado na pengine antibayotiki, anarudi nyumbani. Mtoto kuambiwa afungue mdomo, atoe ulimi, amulikwe tochi kooni, hilo ni bahati yake.

Silaumu mtu. Sanje imekaa miguuni pa milima ya Udzungwa, kati ya Kidatu na Mang'ula, ndani ya bonde ambalo kwa vizazi vingi homa maana yake ni malaria. Ni huku Kilombero, kwenye vijiji kama Namawala, ambako watafiti waliwahi kukuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea mara mamia kwa mwaka. Maabara ndogo aliyoifungua Mswisi Rudolf Geigy pale Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, imepata jina duniani kwa sababu ya mbu huyo huyo. Ukikulia kwenye bonde la namna hii unajifunza kuogopa kitu kimoja sana, na vingine vinapita bila kuulizwa vinatoka wapi.

Kimojawapo ni koo. Makoo mengi yanayouma ni ya virusi: yanakuja na mafua na kikohozi, yanapoa yenyewe. Lakini lipo linaloletwa na bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A, ambaye huwapenda zaidi watoto wa umri wa shule, miaka 5 hadi 15 hivi. Hilo huja kwa ghafla. Homa inapanda, kumeza mate ni shida, mafindofindo yamevimba na mara nyingine yana madoa ya usaha, tezi za chini ya taya zinauma zikibonyezwa, na wakati huo huo hakuna kikohozi wala makamasi. Bakteria huyo hukaa pia kwenye ngozi, kwenye vidonda vya upele uliokunwa mpaka ukachubuka.

Dawa yake si ya ajabu. Ni penisilini, na tangu dawa hiyo iingie hospitalini zaidi ya miaka 80 iliyopita, streptokoki huyu hajawahi kujifunza kuishinda, wakati bakteria wengi wengine wameshaizoea. Dozi ni siku 10 za vidonge, au sindano moja ya benzathini. Shida ni kwamba siku ya tatu koo linapoa na mtoto anakimbia nje kucheza. Vidonge vilivyobaki vinawekwa juu ya kabati vimsubiri mgonjwa mwingine. Au havikununuliwa kabisa, maana kwenye duka la dawa muhimu viliuzwa vichache kulingana na hela iliyokuwepo mkononi.

Halafu kuna nyumba ambazo koo likisumbua mara ya pili na ya tatu, mtu mzima mmoja anatamka kuwa huyo ni kimeo tu, akakatwe. Mtoto anashikwa kichwa na mikono, mkataji anaingiza kisu chake kilichopinda, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kinaondoka na damu yake. Kimeo hakina kosa lolote katika habari hii. Streptokoki anabaki pale pale kwenye mafindofindo, na juu yake sasa limeongezwa donda linaloweza kuvuja damu bila kukoma au kuingiza pepopunda.

Mpaka hapo hakuna cha kuandikia gazeti. Wiki mbili tatu zinapita, wakati mwingine miezi kadhaa, koo limeshasahaulika nyumbani, ndipo mtoto anaanza kubadilika.

Anaangusha kikombe. Anaangusha kingine. Anaambiwa ni mzembe siku hizi. Uso unakunjamana bila sababu, bega linaruka, mguu unachezacheza chini ya dawati. Anacheka pasipo kichekesho, baada ya dakika analia naye hajapigwa. Akilala usingizi, mwili wote unatulia, na hilo ndilo linalowachanganya wazazi: kama angekuwa mgonjwa kweli, mbona usiku hana kitu? Bibi anasema mtoto amechezewa. Jirani anasema ana jini. Mwalimu anasema ana utundu, na kwa baadhi ya walimu wetu utundu una dawa yake ya fimbo.

Daktari anayeufahamu ugonjwa huu anaweza kuushuku bila mashine yoyote. Anampa mtoto vidole viwili na kumwambia, nishike kwa nguvu, usiachie. Mtoto anashika, kisha mkono unalegea, unakaza, unalegea tena, kama anayekamua ng'ombe. Anamwambia atoe ulimi na auache nje. Ulimi unatoka, unarudi ndani wenyewe, unatoka tena, wala si ukaidi. Anamwambia anyooshe mikono juu ya kichwa, viganja vitazamane; viganja vinageuka polepole kutazama nje. Hayo yote hayamalizi dakika tano na hayadai hata senti.

Ugonjwa huo unabeba jina la daktari Mwingereza, Thomas Sydenham, aliyeueleza mwaka 1686. Wakati huo Ulaya walisema watu wanaojirusha hivyo wanacheza ngoma ya Mtakatifu Vitus, na waliwapeleka kwenye makanisa yake waombewe. Sydenham mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliwatoa damu na kuwaharisha. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu tuna tabia ya kujicheka wenyewe, kana kwamba kumwona pepo ndani ya mtoto anayejinyonganyonga ni mambo ya huku kwetu peke yake.

Uhusiano na koo ulikuja kueleweka baadaye sana. Streptokoki ana protini zinazofanana na baadhi ya protini za binadamu: za kwenye moyo, za kwenye viungo, na za sehemu ya ndani ya ubongo inayosimamia mwendo wa mwili. Mwili unatengeneza kingamwili za kumpiga bakteria, na kingamwili hizo zinakosea. Ni kama mgambo walioambiwa mwizi kavaa shati jekundu. Mwizi keshatokomea, wao wanaendelea kukamata kila mwenye shati jekundu sokoni. Zikienda kwenye magoti na viwiko, mtoto anavimba viungo, leo goti hili, kesho lile. Zikienda kwenye moyo, zinaharibu vali. Zikifika kwenye ubongo, mikono inaanza kucheza. Yote matatu ni matawi ya ugonjwa mmoja, homa ya baridi yabisi, na kati ya watoto kumi wanaoupata, mmoja hadi watatu huwa na hiyo ngoma ya mikono. Wasichana huipata zaidi kuliko wavulana.

Sasa, ikiwa kingamwili zinaweza kuvuruga mwendo, haziwezi pia kuvuruga tabia? Mwaka 1998 daktari Susan Swedo na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha habari za watoto 50 ambao, baada ya kuambukizwa streptokoki, walibadilika kama waliozimwa taa. Mtoto aliyekuwa mchangamfu anaanza kunawa mikono mpaka ngozi inachubuka, anahesabu milango, anarudia jambo lile lile bila kuweza kuacha. Mwingine anapepesa macho na kukohoakohoa bila kikohozi. Anakataa kuachana na mama yake, anakojoa kila mara, mwandiko unaharibika. Waliliita kundi hilo PANDAS. Mwaka 2012 kundi likapanuliwa na kupewa jina la PANS, ambalo halidai tena kwamba streptokoki lazima awe ndiye mkosaji. Maambukizi mengine, au sababu nyingine kabisa, zinaweza kuhusika.

Na ubishi ukaanza, ambao haujaisha. Wanaopinga wana hoja nzito. Karibu kila mtoto wa shule hupata streptokoki wakati fulani, na wapo wanaomlea kooni miezi bila kuumwa. Kupepesa macho na kujitingisha huja na kuondoka kwenyewe kwa watoto wengi. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, utaona uhusiano hata pasipo uhusiano. Wanaoutetea ugonjwa huu nao wanaonyesha watoto ambao badiliko lao lilikuja ndani ya siku moja, kitu ambacho maradhi ya kawaida ya akili ya utotoni hayafanyi. Huko Marekani na Ulaya wapo wazazi wanaozunguka na watoto wao kutoka daktari hadi daktari, wengine wakilipia kingamwili za kuwekewa kwenye mishipa kwa fedha ambazo Sanje zingejenga nyumba.

Msimamo wangu katika hili ni mwepesi. PANDAS kama jina la ugonjwa naliachia mabingwa. Sioni faida ya kulileta bondeni kama fasheni mpya, kisha kila mtoto msumbufu amezeshwe antibayotiki. Ila ngoma ya Sydenham haina ubishi, na ndiyo iliyo karibu yetu, kwa sababu homa ya baridi yabisi imepungua sana kwenye nchi tajiri na imebaki kwenye nchi zenye nyumba ndogo, watoto wengi kitanda kimoja na dozi za nusu nusu. Hata hao wanaobishana wanakubaliana kwamba mtoto aliyebadilika kwa ghafla aulizwe alikuwa anaumwa nini kabla.

Kuhusu maambukizi kugeuka maradhi ya ubongo wa mtoto, bonde hili lina historia yake. Ukitoka Ifakara unavuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018 na kuwapumzisha watu na kivuko, unapita Lupiro, halafu gari linaanza kupanda. Juu huko ni Mahenge, kwa Wapogoro.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana kutoka Norwei, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge na kukuta kifafa kingi kuliko alichowahi kukisoma popote. Wengi wa wagonjwa walikuwa na makovu ya moto. Walikuwa wameanguka jikoni, na aliyekuwa karibu hakuwagusa kwa kuamini kwamba mate na povu huambukiza. Walikula kwenye vyombo vyao peke yao. Alianzisha kliniki, akawapa fenobabitoni, na mwaka 1965 akaandika juu yao kwenye jarida la madaktari. Miongoni mwao walikuwamo watoto wenye dalili ambayo haikuwa vitabuni. Wenyeji walishaiona siku nyingi; walisema mtoto amesinzia kichwa.

Ilivyo ni hivi. Watoto wamekaa mkekani, uji umeletwa. Mmoja anauangalia tu, na kichwa kinashuka kifuani, kinainuka, kinashuka tena, mara 5 hadi 20 kwa dakika. Macho yako wazi, mwenyewe hayupo. Kijiko kimebaki mkononi. Baridi ya asubuhi nayo huweza kuanzisha kusinzia huko. Wengi huanza hivyo kati ya miaka 3 na 18, watoto ambao awali walikuwa wazima kabisa, kisha kifafa kamili kinafuata, akili inazorota, wengine wanadumaa na kuacha shule.

Kwa miaka mingi dunia haikusikia. Ni pale ugonjwa huo huo ulipozagaa Sudan Kusini, na kaskazini mwa Uganda katika wilaya kama Kitgum na Pader, ndipo wakubwa wa afya walikutana Kampala mwaka 2012 na kuuwekea vigezo. Na kila ulipochunguzwa, Mahenge, Kitgum au Sudan Kusini, palikuwa na mito ya kasi na usubi. Inzi huyo mdogo mweusi huzaliana kwenye maji yanayokimbia juu ya mawe, na anapouma anapandikiza mnyoo wa onkoserka, yule anayewasha ngozi na kupofusha macho.

Mnyoo huyo lakini kwa kawaida haonekani kuingia kwenye ubongo. Anaudhuruje basi? Mwaka 2017 kikundi cha watafiti kilichomjumuisha Avindra Nath, daktari wa neva wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kilitoa jibu linalofanana sana na la streptokoki. Katika damu na maji ya uti wa mgongo ya baadhi ya watoto wanaosinzia kichwa walikuta kingamwili dhidi ya leiomodini-1, protini iliyomo pia kwenye ubongo, na kingamwili hizo zilimtambua mnyoo vilevile. Mwili ulikuwa unampiga mnyoo, ukajipiga wenyewe. Tafiti zilizofuata zimeitilia shaka nadharia hiyo, kwa kuwa kingamwili hizo zimepatikana hata kwa watu wasio na ugonjwa, na wengine waliochunguza bongo za marehemu wanadhani chanzo ni kingine. Hapo napo mabingwa hawajamaliza.

Tofauti na PANDAS, huku kuna kitu kilichofanyika bila kusubiri mabingwa wamalize. Kaskazini mwa Uganda mito ilipowekwa dawa ya kuua viluwiluwi vya usubi na watu wakamezeshwa ivamektini, dawa wengi tunayoijua kama Mektizani, wagonjwa wapya waliacha kutokea. Mahenge ugawaji wa dawa hiyo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, mara moja kwa mwaka. Hata hivyo mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakiongozwa na Bruno Mmbando, walipopita nyumba kwa nyumba walikuta kifafa kwa asilimia 2.5 ya watu, na kwenye vijiji vya ndani asilimia 3.5. Kuanzia mwaka 2019 dawa ikawa inagawiwa mara mbili kwa mwaka, na idadi ya wanaoanza kuugua kifafa imeshuka.

Mnyoo si streptokoki, na mtoto anayesinzia kichwa Mahenge haumwi ngoma ya Sydenham. Mganga wa zahanati asije akavichanganya. Kinachoviweka jirani ni ule mwanya wa muda: maambukizi yanapita leo, ugonjwa wa kuonekana unakuja wakati mwingine, na katikati hakuna anayeunganisha nukta. Tangu daktari yule wa Norwei aandike makala yake hadi Mahenge ipate dawa mara mbili kwa mwaka, imepita zaidi ya miaka 50.

Nyumbani, mwanya huo hujazwa na maelezo yaliyokuwepo tayari. Kuhusu degedege, mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi Kilombero na Ulanga walieleza jinsi mtoto mmoja anavyoweza kupitishwa kote kuwili, kwa mganga wa kienyeji na hospitalini. Nadhani hilo ni sahihi kwa mtoto wa mikono inayocheza pia. Mama si mjinga. Anajaribu kila mlango kwa sababu hakuna mlango aliofunguliwa ukamweleza kitu kinachoingia akilini.

Hapo ndipo namwona mwalimu kuwa na nafasi kubwa kuliko daktari. Wanafunzi wetu wanaandika tarehe juu ya kila kazi. Mtoto akianza vituko, chukua daftari lake la Kiswahili, rudi nyuma kurasa moja moja. Kama mwandiko umeharibika polepole tangu mwaka jana, pengine ni macho, pengine ni matatizo ya nyumbani. Kama tarehe 3 herufi zimekaa kwenye mstari na tarehe 10 zimetawanyika kama kuku walioona mwewe, jambo hilo lina siku yake ya kuzaliwa, na mama anaweza kuulizwa: kabla ya hapo, mwezi ule au miezi ile, aliumwa koo? Alivimba magoti? Daftari hilo libebwe hospitalini pamoja na mtoto. Kwa watu wa Sanje hospitali kubwa ya karibu ni ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Daktari akiona ukurasa wa tarehe 3 na wa tarehe 10 ana ushahidi ambao mama asingeweza kuueleza kwa maneno.

Matibabu yenyewe yana sehemu mbili, na sehemu rahisi ndiyo inayodanganya. Mtoto anapumzishwa, anapewa penisilini ya kumsafisha streptokoki, na ikiwa mikono inaruka kiasi cha kushindwa kula, zipo dawa za kuituliza. Kwa wengi ngoma inakoma yenyewe ndani ya miezi michache. Inakoma hata asipotibiwa. Kwa hiyo aliyekuwa na mtoto mwezi huo, awe mganga wa kienyeji, mchungaji, shehe au daktari, ndiye anayechukua sifa, na nyumba nzima inahesabu kwamba yamekwisha.

Kumbe zile kingamwili zilizofika kwenye ubongo mara nyingi zilipitia kwenye moyo, nako hazikupiga kelele. Ndiyo maana mtoto aliyewahi kucheza ngoma hii anatakiwa asikilizwe moyo, apigwe picha ya moyo kwa mashine ya eko, kisha achomwe benzathini kila baada ya wiki tatu au nne ili streptokoki asirudi. Kama moyo haukuguswa, sindano zinaendelea miaka mitano au mpaka afike miaka 21, kutegemea lipi linachelewa. Kama vali zimeharibika zinaendelea miaka 10 kwa uchache, kwa wengine hadi miaka 40 ya umri wao. Sindano hiyo inauma kwelikweli. Paja linakuwa zito siku nzima. Mwambie mtoto wa miaka 9, asiyeumwa kitu, kwamba atakuwa anaipata kila mwezi mpaka awe mtu mzima. Mwambie baba yake atoe nauli kila mwezi, msimu wa miwa na msimu wa njaa, kumpeleka mtoto anayeruka kamba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 wanaishi na mioyo iliyoharibiwa hivyo, na wapatao 360,000 hufa kila mwaka, wengi wakiwa vijana wa nchi kama yetu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015 pale Muhimbili, inafanya upasuaji wa vali uliokuwa ukiwapeleka watu India. Lakini vali ya bandia ya chuma nayo inadai vidonge vya kuzuia damu kuganda maisha yote, na vipimo vya damu vya mara kwa mara ambavyo huwezi kuvipata kila kijiji.

Nilisema wasichana huugua ngoma hii zaidi. Vali iliyobana inaweza kukaa kimya miaka 10, msichana akalima, akateka maji, akaolewa. Mimba ya kwanza ikifika miezi sita saba, damu mwilini imeongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, na moyo uliokuwa ukijikaza unashindwa. Anahema akipanda kijimwinuko, usiku analala ameketi, miguu imevimba. Vyote hivyo mjamzito yeyote huambiwa ni mambo ya mimba. Kliniki ya wajawazito inampima damu, mkojo, presha na tena malaria, na kwenye kadi yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba akiwa darasa la tatu aliwahi kuangusha vikombe.